Shajara: gurudumu la nyuma la Honda ya Baba

Jumamosi, 3 Mei 2025

Nimeitoa stoo. Ni Honda XL125S, ile yenye tairi la inchi 21 mbele na 18 nyuma, breki za ngoma kotekote. Baba alikuwa bwana shamba, na pikipiki hii aliinunua mnadani ofisi ilipoichoka. Kabla ya hapo alishaipandisha Mgeta, juu milimani Uluguru, miaka na miaka kwa kazi za watu, kwa hiyo siku ya mnada hakuwa na haja ya kuikagua.

Injini inawaka. Shida ni nyuma. Habu ya asili (kitovu cha gurudumu) ilipasuka zamani, na fundi mmoja wa mjini akamwekea gurudumu la pikipiki ya Kichina ya 150. Ringi nayo ni ya inchi 18, kwa hiyo kwa macho kazi ilionekana imekwisha. Toka hapo beringi zikawa kama mboga, kila mwezi mpya. Baba alikuwa na kanuni yake kwa yeyote anayeazima pikipiki: "Ile nati ya nyuma usiikaze sana, ukiikaza tairi linagoma." Na kweli lilikuwa linagoma. Chini ya siti kulikuwa na spana namba 22 ya kazi hiyo tu, kulegeza.

Leo nimefungua nione kwa nini. Nati imetoka kwa mkono. Ekseli nimeivuta, vikaanza kudondoka: washa sita upande wa breki, washa nne upande wa cheni, na kipande cha bomba la maji la nusu inchi kilichokatwa kwa msumeno wa mkono, ncha moja imelala kama kisigino cha kandambili iliyochakaa. Sahani ya breki, ile inayobeba viatu vya breki, ilikuwa imefungwa kwenye mkono wa nyuma (bomba la fremu linaloshika gurudumu, moja kila upande) kwa waya wa bati, mizunguko mitatu. Nimekaa chini kwanza.

Kwa asiyeelewa ubaya wa ule waya: ukikanyaga breki ya ngoma, viatu vinang'ang'ania ngoma, na ngoma inataka kuibeba sahani izunguke nayo. Kinachoizuia ni fimbo moja ya chuma au kizibo kilichochomelewa kwenye mkono. Kikiachia, sahani inazunguka, inavunja fimbo ya breki, na gurudumu linaweza kujifunga lenyewe ukiwa mteremkoni. Baba ameshuka Mgeta na ule waya. Mama sijamwambia.

Jumapili, 4 Mei

Siku ya kupima. Nina vernia ya chuma, ile ya kusoma kwa macho, na daftari la mraba la mtoto.

Nimeanza na habu kwa sababu ndiko ugonjwa uliko. Ndani ya habu beringi mbili zinakaa kila moja kwenye bega lake, na katikati yake hupita bushi ndefu ambayo ekseli inapenya. Bushi hiyo watu huiona ni ya kujazia nafasi tu. Kazi yake ni kubwa. Ukikaza nati, nguvu inapita kutoka mkono wa kushoto kwenda bushi ya nje, kwenda pete ya ndani ya beringi, kwenda bushi ya kati, kwenda pete ya ndani ya beringi ya pili, hadi mkono wa kulia. Vyote hivyo vinasimama imara kama nguzo moja, na pete za nje zinazunguka na habu bila habari. Bushi ya kati ikiwa fupi, nguzo ina pengo. Nati inavuta pete za ndani zikaribiane, wakati pete za nje zimeegemea mabega na haziwezi kusogea. Gololi zinabanwa ubavuni, na hapo ndipo tairi "linagoma".

Kutoka bega hadi bega: mm 71.0. Bushi iliyokuwemo, ambayo nayo ni bomba la maji: mm 66. Inapungua milimita tano!

Kanuni ya Baba, basi, ilikuwa dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine. Alikuwa anaendesha na nati legelege ili gololi zipumue.

Vipimo vingine nilivyoandika, vyote kwa milimita:

Kati ya mikono miwili, ndani kwa ndani: 186.
Gurudumu la Kichina likiwa na bushi zake kamili za nje (nimezipata kwa muuza spea wa Msamvu, 22 upande wa cheni na 14 upande wa breki): 194.
Mifereji ya ekseli kwenye mikono: kulia 17.0, kushoto 17.4. Imeshapigwa tupa na mtu.
Ekseli ya gurudumu la Kichina: 15.

Kwa hiyo gurudumu limezidi upana kwa milimita nane, na ekseli inacheza kwenye mifereji kama jino la mtoto.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda kwa mzee mmoja mkereza vyuma, mtaani Kihonda. Nimemkuta amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Shikamoo, marahaba, nikatandaza vyuma vyangu kwenye meza yake.

Nilikuwa na wazo nililolipenda. Habu inatumia beringi namba 6202, ambayo tundu lake ni 15, nje 35, upana 11. Kuna beringi 6003 ambayo nje ni hiyohiyo 35 lakini tundu ni 17 na upana ni 10. Ukiibadilisha, inaingia kwenye habu ileile bila kukereza kitu, unaweka ekseli ya 17, na mifereji inajaa. Ni ujanja unaofanywa sana, na kaka zake wapo: 6302 ni 15 kwa 42 kwa 13, na 6004 ni 20 kwa 42 kwa 12, kwa hiyo habu ya ekseli ya 15 inaweza kupokea ekseli ya 20. Usiku mzima nilikuwa najiona mhandisi.

Mzee ameichukua 6003 moja kwenye droo yake na 6202 moja, akaziweka kiganjani.

"Angalia gololi."

Gololi za 6003 ni ndogo. Lazima ziwe ndogo, maana tundu limepanuka na nje hakujapanuka. Kwenye katalogi uwezo wake wa kubeba mzigo unazunguka kilonyutoni 6, na wa 6202 unakaribia 8.

"Marehemu alikuwa anabeba nini?"

"Gunia la viazi, mzee. Wakati mwingine na mimi juu yake."

"Basi usipunguze gololi. Mfereji ndio umekosea, kwa nini umwadhibu beringi?"

Tumekubaliana ekseli ibaki 15 na mifereji ndiyo ijazwe. Siyo kwa bushi ya duara, kwa sababu bushi ya 17 yenye tundu la 15 ina ukuta wa milimita moja tu na inagusa mfereji kwenye mstari mwembamba juu na chini, itafinyangika. Atatengeneza vibao viwili vya chuma, urefu 32, tundu la 15 katikati, kimo 17.0 kimoja na 17.4 kingine, vikae ndani ya mifereji na viteleze pamoja na ekseli wakati wa kukaza cheni. Unene wa ncha ya mkono ni 6.0, kwa hiyo vibao viwe 5.8. Hiyo tofauti ya milimita 0.2 ameikazia sana: kibao kikiwa kinene kuliko mkono, nati inabana kibao na mkono unabaki huru.

Bushi ya kati: mm 71.1. Akaniuliza kama nina uhakika na 71. Nikamwambia nimepima mara tano. Akaipima ya sita mwenyewe.

Jumanne, 13 Mei

Beringi 6202 mbili zenye vifuniko vya raba pande zote. Muuzaji alikuwa na za bei nusu, ukizungusha unasikia mchanga. Nimeziacha.

Jumamosi, 17 Mei

Leo nimeharibu.

Bushi ya kati imekuja safi, vibao vimekuja safi. Imebaki kuondoa milimita nane za upana. Nilipima ringi nikaona katikati yake iko 101 kutoka mkono wa kushoto, wakati katikati ya pikipiki ni 93. Hesabu ikanikonyeza: toa zote nane upande wa kushoto, ule wa cheni, ringi inakaa katikati kabisa. Nikampa mzee bushi ya kushoto, ikatoka 22 ikawa 14. Nimerudi nyumbani napiga mluzi, nimefunga gurudumu, ringi iko katikati, nikamwita mama watoto aje aone.

Yeye hakuangalia ringi. Aliangalia cheni. "Mbona imekaa upande?"

Nikasema ni kivuli.

Jumapili, 18 Mei

Haikuwa kivuli. Nimechukua kipande cha bomba la mraba la alumini, lile la madirisha, nikalilaza kwenye uso wa spoketi ya mbele (duara la meno linalovuta cheni) na kulinyoosha hadi nyuma. Spoketi ya nyuma iko nje kwa milimita nne.

Milimita nne kwenye cheni ya saizi 428 siyo mzaha. Nafasi ya ndani kati ya bamba na bamba haifiki milimita 8, na jino linapita humo kila mzunguko. Cheni ikikaa mshazari, bamba zinakwangua ubavu wa meno, meno yananoleka kama ya papa, na siku moja cheni inaruka kwenye shimo. (Kwa faida ya wanaochanganya: 420 na 428 zina hatua moja, mm 12.7 kutoka pini hadi pini, ndiyo maana zinashawishi kuvalishana. Upana na unene wa rola ni tofauti. Usichanganye.)

Nilichokosea ni mpangilio. Nilianza na ringi. Injini imefungwa kwenye fremu na spoketi ya mbele haiendi popote. Spoketi ya nyuma imefungwa kwenye habu, nayo haiendi popote bila habu. Lakini ringi imeshikiliwa na spoki, na spoki zina nyuzi. Kwa hiyo ungeanza na cheni, halafu ringi ukaivute baadaye. Hesabu sahihi ilikuwa 18 kushoto na 10 kulia, jumla 28 ileile. Cheni inanyooka, ringi inabaki nje ya katikati kwa milimita nne kuelekea kulia, na hizo nne zinarudishwa kwa spoki.

Sasa nina bushi ya 14 ninayohitaji iwe 18.

Jumamosi, 24 Mei

Mzee hakucheka, ambayo ni mbaya zaidi. Ametengeneza bushi mpya ya 18 na kuipunguza ile ya kulia ikawa 10. Shilingi 15,000 zangu za ujinga. Ile ya 14 nimeitoboa nimeiweka kwenye pete ya funguo.

Mchana kwa fundi wa ringi, kijana anayefanya kazi chini ya mwembe na ana masikio kuliko vifaa. Spoki 36. Nimemweleza nataka ringi ihame milimita nne kwenda kushoto. Akaweka alama ya rangi kwenye kila nipeli (kinati kinachokaza spoki) ili ajue alikoanzia, akalegeza zinazotoka ubavu wa kulia wa habu nusu mzunguko, akakaza za kushoto nusu mzunguko, akazunguka ringi nzima, akarudia. Jumla imefika kama mzunguko mmoja na robo kila upande. Ukijaribu kufanya yote kwa mara moja ringi inakuwa yai. Alipomaliza akapita na spana ndogo akigonga spoki moja moja. Za upande mmoja ziwe na sauti moja. Mbili zililia chini, akaziongeza. Ringi inayumba chini ya milimita moja sasa, na hiyo inatosha kwa barabara zetu ambazo zenyewe zinayumba zaidi.

Tumekagua pia ncha za spoki zisichomoze juu ya nipeli. Mbili zilichomoza, tumezisaga kwa tupa. Tyubu isingetuvumilia.

Jumamosi, 31 Mei

Fimbo ya kuzuia sahani ya breki. Hapa sikutaka ujanja.

Sahani ya Kichina ina mfereji wa kupokea kizibo kilicho kwenye mkono wa pikipiki yake. Mkono wa Honda yetu hauna kizibo mahali hapo. Kuna wanaochomelea bolti moja kwenye mkono na kuondoka. Mkono huu ni bomba jembamba la miaka arobaini, na breki inauvuta palepale ulipopata moto wa kuchomelea. Badala yake nimekata ubapa wa chuma wa upana 25 na unene 6, tundu kila ncha. Ncha ya nyuma imeshika kwenye sahani kwa bolti ya milimita 8 inayopita kwenye kipande kilichokerezwa kujaza ule mfereji. Ncha ya mbele imeshika kwenye sikio la asili la Honda, lililokuwepo muda wote karibu na pivoti, pale mkono unapoungana na fremu, likiwa limefunikwa na udongo mgumu. Fundi wa waya hakuliona, au hakukwangua.

Fimbo nimeipanga iende sambamba na mkono kadiri nilivyoweza, ili gurudumu likisogezwa nyuma kukaza cheni isivute sahani kwa pembe. Bolti zote mbili zina tundu na pini ya kukunja. Nati pekee siiamini mahali hapa.

Ule waya nimeuweka kwenye kopo la misumari. Sijui kwa nini sikuutupa.

Jumapili, 1 Juni

Kufunga.

Beringi zimelala kwenye friza tangu jana usiku, kwenye mfuko, jirani na perege. Mama watoto ameniuliza kama zinaliwa. Habu nimeimwagia maji yanayochemka, birika mbili polepole. Alumini hutanuka kuliko chuma, kwa hiyo kiti cha beringi kinafunguka kidogo, na beringi yenyewe imenywea kwa baridi. Ya kwanza imeingia kwa kusukumwa na soketi inayogusa pete ya nje tu, hadi begani. Sauti ya nyundo inabadilika inapofika, inatoka kuwa butu inakuwa kavu.

Halafu bushi ya kati. Halafu beringi ya pili, ila hii sikuipiga hadi begani kwa nguvu. Nimeishusha mpaka ikagusa bushi, nikasimama. Ile milimita 0.1 iliyozidi, 71.1 badala ya 71.0, ndiyo inayohakikisha nguvu inapita kwenye bushi na siyo kwenye gololi. Nimeingiza kidole, nikazungusha pete ya ndani: laini.

Grisi, ekseli, vibao, bushi 18, bushi 10, fimbo, cheni. Nimelaza tena bomba la alumini kwenye spoketi mbili. Limegusa nyuso zote nne za meno, mbele na nyuma, bila mwanga kupita.

Ikabaki nati. Mama alikuwa ametoka kukaa barazani na ungo wake wa mchele. Nimekaza kidogo, nimezungusha tairi, limezunguka. Nimekaza zaidi. Kutoka barazani:

"Baba yako alisema usiikaze sana hiyo."

"Najua, Mama."

Nimekaza mpaka spana ikakataa, uzito wangu wote juu yake. Nimesukuma tairi kwa kidole. Limezunguka, likapita, likapita tena, unasikia tu viatu vya breki vikipapasa ngoma. Mama ameangalia mpaka liliposimama, akarudi kwenye mchele.

Jumamosi, 14 Juni

Mzumbe na kurudi. Nimesimama kila kilomita tano na kugusa habu kwa mgongo wa kiganja. Upande wa breki vuguvugu, upande wa cheni baridi. Nati haijasogea, nimeipiga mstari wa rangi nyeupe unaoshuka hadi kwenye mkono, ikihama nitauona mstari umekatika. Cheni imelegea kidogo, ni ya zamani. Nimeikaza, nikahesabu mizunguko ya bolti za kukazia ilingane pande zote, halafu nikakumbuka kwamba mifereji ilishapigwa tupa na alama zake za asili ni uongo. Nimepima kutoka pivoti kwa kamba. Kulia ilikuwa nyuma kwa milimita mbili.

Jumapili, 22 Juni

Sangasanga, halafu kupanda hadi Mgeta, na kijana wangu nyuma, na wakati wa kushuka gunia nusu la viazi kwa sababu haikuwezekana kurudi mikono mitupu. Baridi ya Uluguru asubuhi inakufanya usahau kwamba Morogoro kuna joto.

Kushuka ndiyo ilikuwa mtihani. Gia ya pili, breki ya nyuma kwa vipindi. Kwenye kona ya tatu nikasikia mlio, nikaegesha mapigo yakiwa juu. Sahani imetulia, pini zipo, fimbo haijapinda. Ulikuwa mlio wa viatu vipya dhidi ya ngoma ya zamani yenye ukingo. Ngoma nitaipeleka kwa mzee aipitishe.

Nyumbani nimeinua gurudumu na kulitikisa saa sita na saa kumi na mbili, halafu saa tatu na saa tisa. Halichezi. Mstari mweupe ni mzima.

Bado: ngoma, kifuniko cha cheni (cha Honda hakikai, kinagusa spoketi kubwa ya Kichina, nitakata cha bati), na cheni mpya mshahara ukitoka. Spana namba 22 nimeirudisha chini ya siti. Pancha hazijaisha.